Mgonjwa wa Akili Ana Mwili Pia



Leo ninataka tuzungumze juu ya mtu ambaye labda unamjua. Anakaa katika avenue yenu, au nyuma ya nyumba ya shangazi yako, au analala kwenye baraza za maduka kando ya Boulevard de la Libération. Watoto wanamwita "mzee". Meno yamebaki machache, mgongo umeinama, anatembea polepole akiburuza miguu. Lakini ukimwuliza mama yake, atakuambia kwamba huyu mtoto hajafika hata miaka 40.

Katika kazi yangu ya uchungaji nimekwisha kuzika watu wa namna hiyo. Kila mara kwenye matanga ninasikia neno moja: "Wazimu imemumaliza." Lakini nikikaa karibu na jamaa na kuuliza vizuri, wanasema alikohoa miezi mingi. Ama alivimba miguu. Ama alihara siku nne na hakuna aliyempeleka kwa munganga. Basi si kichwa kilichomwua. Ni mwili, na mwili huo hakuna aliyeuangalia.

Jambo hili si la Bunia tu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba wenye magonjwa makali ya akili hufa mapema kuliko watu wengine, kwa miaka 10 hadi 20. Wengi wao hawajiui. Wanakufa kwa moyo, kwa mapafu, kwa sukari na magonjwa ya kuambukiza. Hapa Afrika ya Mashariki, waganga wa Ethiopia walifuata wagonjwa 919 wa sehemu za Butajira kwa muda wa miaka 10. Wagonjwa 121 walikufa. Walipohesabu umri wao, waliona kwamba walipoteza karibu miaka 30 ya maisha, na karibu nusu waliuawa na magonjwa ya kuambukiza. Fikiri, msomaji: miaka 30! Ni umri wa kuoa, kulea watoto na kuona wajukuu.

Sababu ni nini? Mimi ninaona nne.

Ya kwanza ni ugonjwa wenyewe. Mtu asiyelala, anayeishi na hofu usiku na mchana, mwili wake unachoka kama motere inayozunguka bila kuzimwa. Wenye elimu wanatuambia kwamba ndani ya chembe za mwili kuna nyuzi zinazobeba urithi wetu, na mwisho wa kila uzi kuna kifuniko, kama fundo unalofunga mwisho wa kamba ili isifumuke. Kadiri tunavyozeeka, fundo hilo linapungua. Watu watatu walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kazi yao juu ya jambo hilo. Na uchunguzi mwingi, ingawa si wote, umeona mafundo hayo ni mafupi zaidi kwa wagonjwa wa akili kuliko kwa watu wa umri wao. Basi watoto wanaosema "mzee" hawakosei sana.

Ya pili ni maisha anayoishi. Sigara moja juu ya nyingine, lotoko, bangi, baridi ya usiku, chakula cha kuokota. Ninyi vijana wa machimbo mnajua namna mambo haya yanavyoanza: mtu anavuta bangi ili apate nguvu ya kushuka shimoni, kisha haachi tena. Bangi inaweza kuamsha ugonjwa wa akili kwa kijana, na vumbi na moshi vinamaliza kifua chake.

Ya tatu ni dawa. Usinielewe vibaya: dawa zinasaidia. Tangu zile za kwanza zilipoanza kutumiwa huko Paris mwaka 1952, watu wengi wametoka katika minyororo. Lakini zina mzigo wao. Haloperidol inaweza kukaza mwili, mikono ikatetemeka na miguu ikaburuzwa kama ya mzee wa miaka 80. Nyingine zinaongeza njaa, unene na sukari katika damu. Jamaa wakiona hivyo wanatupa dawa, na ugonjwa unarudi kwa nguvu. Njia nzuri ni kurudi kwa munganga na kumweleza. Anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kuongeza nyingine ya kulegeza mwili. Usiikate mwenyewe.

Ya nne ni sisi. Mgonjwa wa akili akisema "tumbo linaniuma", nani anamsadiki?

Kuna jamaa moja ninayoitembelea upande wa Mudzi Pela. Kijana wao alirudi kutoka machimbo ya Mongbwalu akisikia sauti. Mwaka mmoja wakati wa kiangazi, alianza kunywa maji bila kipimo. Bidoni ya litre tano ilikuwa inaisha kabla ya jioni. Alikonda. Wakubwa wakasema ni pepo ya maji. Dada yake mdogo, mwanafunzi wa sekondari, aliona jambo lingine: pale kaka yake alipokojoa nyuma ya nyumba, sisimizi walikuwa wanakusanyika. Akamshika mkono, wakaenda kituo cha afya. Aliyewapokea alicheka: "Huyu si eko na wazimu? Maneno yake haiishake." Yule binti hakuondoka. Akajibu kwa heshima: "Papa munganga, siombi umupime kichwa. Umupime sukari." Tone moja la damu kwenye kidole lilitosha. Sukari ilikuwa juu sana. Walimpa vidonge, na wakamfundisha mama namna ya kumpikia. Sauti bado zinamjia siku nyingine, lakini kiu imekwisha, nguvu imerudi, na leo anachota maji ya nyumba yote.

Ona, msomaji: hakuna aliyekwenda mpaka Butabika kule Kampala kwa ajili ya kipimo hicho. Ilitakiwa tu mtu mmoja akumbuke kwamba kaka yake ana damu na figo kama sisi wote.

Sisemi tuache kuwaombea wagonjwa hawa. Mimi ninawaombea. Lakini soma tena habari za Eliya katika 1 Wafalme 19. Alipochoka hata akataka kufa, Mungu hakuanza na maneno. Alimwacha alale, malaika akamletea mkate na maji, akalala tena, akaletewa tena. Mwili ulitunzwa kwanza. Basi kumfungisha mgonjwa chakula siku tatu na kumnyima dawa zake si imani. Na mnyororo unakata ngozi, unaleta vidonda, unakausha misuli.

Kama mna mgonjwa nyumbani, fanyeni haya. Mpeni chakula pamoja na wengine: bugali, maharage, lenga-lenga, si mabaki ya usiku. Asafishe meno, aoge, atembee kila siku, alale chini ya chandarua. Mara moja au mbili kwa mwaka apimwe uzito, tansio na sukari. Akikohoa zaidi ya majuma mawili, apelekwe kupima kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure. Na mtu mmoja wa jamaa aende naye kila mara, asimame karibu, aseme kwa ajili yake pale asiposadikiwa.

Ninyi vijana, kazi hiyo ya mwisho ninawaachia ninyi. Mnajua kusoma, hamwogopi kuuliza. Juma hili mwangalie huyo "mzee" wa avenue yenu. Umwite kwa jina lake. Kisha umwulize: "Kaka, mwili unakuuma wapi?" Na akijibu, umsadiki.