Kosa Langu Lilikuwa Kutodaiwa

Nilipokwenda Marekani kwa masomo ya uzamivu, nilikuwa nimekwisha kufundisha chuo kikuu kwa miaka sita, na sikudaiwa na mtu yeyote. Nyumbani hiyo ni sifa njema. Kule iliniponza.

Niliomba kadi ya mkopo katika benki ile ile iliyopokea posho yangu ya kila mwezi. Sikuitafuta kwa anasa. Mwenye nyumba kule hukagua kwanza rekodi ya mikopo ya mpangaji, na mgeni asiye na kadi hana pa kuanzia kuijenga rekodi hiyo. Fomu iliuliza kipato changu, kodi ya nyumba na namba ya hifadhi ya jamii. Baada ya siku kumi nikapokea barua: ombi limekataliwa, kwa sababu historia yangu ya mikopo haitoshi.

Kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, hutunza kumbukumbu za namna watu wanavyokopa na kulipa. Kumbukumbu hizo hugeuzwa kuwa alama, ambazo kwa kawaida huanzia 300 hadi 850. Mimi sikuwa na alama mbaya. Sikuwa na alama kabisa. Mkopo wa SACCOS nilioumaliza kabla ya muda, na daftari la Mangi ambamo jina langu lilifutwa kila mwisho wa mwezi, vilibaki upande huu wa bahari.

Mwanafunzi mwenzangu kutoka India, aliyepitia hayo kabla yangu, alinielekeza kwenye kadi ya dhamana. Niliweka amana ya dola 300, nikaruhusiwa kutumia dola 300. Nilinunua vyakula, nikalipa deni lote kila mwezi bila kuchelewa, na baada ya mwaka mmoja nikarudishiwa amana na kupewa kadi ya kawaida.

Hata hivyo, barua ile ya kukataliwa ninayo hadi leo. Ilitaja sababu, ikanieleza namna ya kupata bure nakala ya rekodi yangu na kupinga makosa iwapo yapo. Huo haukuwa wema wa benki. Kabla ya mwaka 1974, mwanamke wa Marekani aliweza kunyimwa mkopo kwa kuwa tu ni mwanamke, au kuambiwa alete saini ya mumewe. Wanawake walipigania haki hiyo, na sheria ya mwaka huo ikapiga marufuku ubaguzi wa jinsia na wa hali ya ndoa katika mikopo. Marekebisho ya mwaka 1976 yakaongeza rangi, dini na asili ya taifa, tena yakampa mwombaji haki ya kuelezwa sababu ya kukataliwa.

Mwaka jana nilimsindikiza dada yangu katika ofisi moja ya umma kufuatilia mkopo wa kikundi chao cha wanawake. "Halijapita," aliambiwa. Alipouliza sababu, akajibiwa kwamba mfumo ndio uliokataa.

Ndugu zangu mnaokaa nyuma ya madawati hayo, simwombei upendeleo. Mnyimeni ikiwa hastahili, lakini mwandikieni kwa nini. Mimi niliambiwa kasoro yangu, nikairekebisha kwa mwaka mmoja. Dada yangu hadi leo hajui arekebishe nini.