Harufu Niliyoileta Nyumbani

Mwaka niliomaliza chuo cha ualimu nilirudi kwetu Msambweni nikiwa na cheti mkononi na kiburi kifuani. Siku zile kulikuwa na hofu ya kipindupindu, na nyanya yangu alitaka choo kisafishwe barabara. Nilimwomba akae kitako, maana mjuzi wa kemia amefika. Nikamimina asidi ya kusafishia choo, na juu yake nikamimina dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nikidhani kuwa nguvu mbili ni bora kuliko moja.

Ikatoka hewa ya rangi ya manjano na kijani. Koo likanibana, macho yakabubujika machozi, nikapiga magoti. Nako chini ndiko gesi ile, iliyo nzito kuliko hewa, hujikusanya. Nyanya ndiye aliyenivuta kwa ukosi wa shati mpaka uani penye upepo. Nilipoweza kupumua aliniuliza, "Mjukuu wangu, hayo ndiyo mliyosomeshwa?"

Gesi hiyo ilikuwa klorini, moja katika ukoo wa halojeni. Juu yake iko florini. Chini yake ziko bromini na ayodini. Florini na klorini ni gesi, bromini ni majimaji ya rangi ya damu ya mzee, na ayodini ni kitu kigumu cheusi kitoacho mvuke wa zambarau. Kila atomu ya ukoo huu ina elektroni saba katika tabaka lake la nje, nayo huitafuta ya nane. Kadiri ushukavyo, matabaka huongezeka, elektroni ngeni hukaa mbali zaidi na kiini, na mvuto hupungua. Kwa hiyo florini ni kali kupita zote, na ayodini ni pole katika hizo nne.

Darasani huwaonyesha wanafunzi wangu jambo hili. Nikitia maji ya klorini katika maji ya iodidi ya potasiamu, yasiyo na rangi, hugeuka kahawia: klorini imeipokonya ayodini elektroni. Tone la wanga wa muhogo huyageuza kuwa buluu nyeusi. Kisha natia ayodini katika maji ya chumvi ya mezani, na hapana litokealo. Kimya kile, kwa maoni yangu, chafundisha kuliko rangi.

Ajabu ni kuwa ukoo huu umelala mbele ya nyumba yetu. Lita moja ya maji ya bahari ina kloridi karibu gramu 19, na bromidi miligramu zipatazo 67. Ayodini ni chache mno, lakini mwani huikusanya. Katika majivu ya mwani ndimo Mfaransa Bernard Courtois alimoigundua mwaka 1811. (Akina mama wa Kibuyuni hulima mwani pia, ila wao huuza kwa ajili ya ute wake.) Watoto huogelea humo wasidhurike, kwa kuwa kila atomu imekwisha kupata elektroni yake, imeshiba. Mimi, kwa asidi yangu, niliifungua klorini ikatoka na njaa.

Nyanya aliendelea kusafisha choo kwa ile dawa ya nguo peke yake, kidogo, mlango ukiwa wazi. Chupa ya asidi aliifungia kabatini, na ufunguo akaufunga katika pindo la leso yake.