Viatu Vyangu vya Baiskeli

Ninyi mnaokaa bwenini hamwijui baridi ya barabarani. Mimi hutoka kwetu saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikapanda baiskeli kilometa 9 mpaka hapa shuleni. Njombe iko juu, yapata meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai sakitu huonekana nyeupe juu ya majani mabondeni. Mikono mtu aweza kuivika soksi kuukuu. Taabu ni miguu.

Aendaye kwa miguu hupata joto, maana vidole vyake hukunjwa na kukunjuliwa kila hatua. Lakini mpanda baiskeli hufanya kazi kwa mapaja. Unyayo hukaa kimya juu ya pedeli, na upepo wa mwendo huupiga.

Mwaka jana nilivaa raba. Zikilowa umande tu, basi, vidole havina habari tena. Nikamwomba baba viatu vya ngozi. Baba akauza gunia la viazi, akanipeleka sokoni. Pale nikaona viatu vyeusi vinavyong'aa, vyenye ncha nyembamba. Vilikuwa namba 40, nami navaa 41. Baba akauliza, "Vinakutosha, mwanangu?" Nikajibu, "Vinanitosha sana, baba." Nilisema uongo kwa kupenda uzuri.

Asubuhi ya kwanza nikavaa soksi jozi mbili, nikadhani nimeishinda baridi. Lo! Ilizidi kuliko siku za raba. Kwenye mteremko wa mtoni gidamu ikafunguka, ikanaswa na cheni. Nikataka kuweka mguu chini, lakini mguu ulikuwa kama gogo. Nikaanguka, na madaftari yangu yakaingia matopeni. Jioni vidole vilivimba, vikawasha kama vimeumwa na siafu.

Mwalimu wetu wa Biolojia akanieleza. Joto la mguu huletwa na damu. Kiatu kikibana, damu haipiti vizuri, na soksi ya pili huzidi kubana. Tena kinachozuia baridi ni hewa iliyotulia ndani ya kiatu na soksi. Soksi ikilowa, kwa umande au kwa jasho, joto hutoroka upesi.

Nikaona haya, lakini nikamweleza baba kweli yote. Hakunigombeza. Alivua mabuti yake ya mpira, akasema, "Vaa haya mpaka tupate mengine." Kesho yake alfajiri nikamwona anakwenda shambani amevaa katambuga, visigino vimepasuka, anakanyaga sakitu. Sikuweza kusema neno. Siku ile miguu yangu ilipata joto njia nzima, lakini moyo wangu haukupata.

Jumamosi nikaviuza vile viatu vyangu kwa mwenzangu mwenye miguu midogo. Nikaenda kwenye mitumba, nikachagua buti kuukuu za ngozi, namba 42, zinazofunika kifundo cha mguu, na soli nene yenye meno isiyoteleza kwenye pedeli. Jioni ile baba akapata mabuti yake.

Basi, ndugu zangu mnaopanda baiskeli, nendeni dukani na soksi ile mtakayovaa njiani. Vaeni kiatu, mkachezeshe vidole, visipocheza, kirudisheni. Soksi moja nene ya sufu yatosha, na nyingine kavu iwekwe mfukoni kwa ajili ya darasani. Gidamu zichomekeni ndani. Kiatu kikilowa, kijazeni magazeti usiku, wala msikiweke karibu na moto, maana ngozi hupasuka. Na mkiulizwa na mzazi kama kinatosha, semeni kweli.

Wenzangu huzicheka buti zangu kwa ubaya wake. Na wacheke. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu