Mshale wenye milango ulivyoniumbua

MSOMAJI wangu, kwenye droo ya meza yangu kuna kitu ambacho kila anayekiona anadhani ni kipuri cha cherehani. Ni kipande cha chuma, urefu wake kama kidole cha shahada, mbele kina ncha kali na pembeni kina nyembe mbili. Wembe mmoja umepinda. Wa pili bado umelala vilevile kama siku kilipotoka kwenye kiboksi chake. Leo nimeamua kukisimulia, liwalo na liwe, maana washikaji wa kijiweni kwetu Karatu wamenicheka vya kutosha na sioni kwa nini ninyi mkose zamu yenu.

Mimi ni mtoto wa Endabash. Kwa wale ambao Karatu wanaijua kwa kupita tu wakienda Ngorongoro, Endabash ni huko kusini, nchi ya mahindi na mbaazi, na mto wenye jina hilohilo unakwenda kuingia Ziwa Manyara. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2018, matokeo yakawa ya kuficha kabatini. Kiingereza ndicho kilichonibeba kidogo, basi nikaanza kuteremka Mang'ola, kule kwenye vitunguu karibu na Ziwa Eyasi, kuwatafsiria wageni wanaokuja kuwaona Wahadzabe. Siyo kazi ya kuajiriwa. Unakaa kijiweni, dereva anakuita, unapewa chako jioni.

Kule kulikuwa na mzee mmoja Mhadzabe ambaye nyumbani kwetu tunamfahamu tangu nikiwa mdogo. Alikuwa akimletea baba asali, baba akimpa mahindi na tumbaku. Jina lake siliandiki hapa. Sisi watoto tulimwita Mzee wa Asali na mpaka leo nikimwamkia shikamoo ananiita "mwanangu". Kumbukeni hilo, maana ndipo penye kisu.

Mwaka 2022 akaja mgeni kutoka Marekani, jamaa mnene mchangamfu, mwindaji wa swala wa kwao kwa upinde. Siyo upinde kama wa Mzee. Wake una vigurudumu huku na huku na kamba zinazopishana kama za winchi. Upinde wa namna hiyo ulibuniwa na Mmarekani mwenzake, Holless Allen, akapewa hataza yake mwaka 1969. Upinde wenyewe aliuacha kwao, ila alikuja na zawadi: ncha tatu za mshale, zile ambazo wazee wanaziita vyembe.

Akatoa moja akaibonyeza kwenye gogo. Ta! Nyembe mbili zikaruka nje kama mbawa za kumbikumbi. Nyie, nilibaki mdomo wazi. Akaeleza: ncha hii ikiwa hewani nyembe zake zinakuwa zimekunjwa, zimeshikwa na kimpira, hivyo upepo hauisumbui na mshale unanyooka. Ikimgusa mnyama tu, nyembe zinafunguka na kuchana tundu la sentimita 5. Ncha ya kawaida isiyofunguka hukata kama sentimita 3 hivi. Tundu kubwa, damu nyingi, mnyama haendi mbali. Hiyo ndiyo hesabu yake.

Mzee wa Asali aliichukua, akaifunga, akaifungua, akaipuliza. Akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Hiki kina milango." Kisha akauliza, "Kikigonga mfupa, mlango unafunguka upande gani? Na kikiingia kwa ubavu, mlango mmoja ukifunguka na mwingine ukikataa, mshale unakwenda wapi? Muulize."

Nikamgeukia mgeni. Nikamwambia hivi: Mzee anasema ahsante sana, hajawahi kuona kitu kizuri namna hii.

Ndiyo, msomaji. Nilisema hivyo. Jua lilikuwa linazama, dereva ananikonyeza, na uzoefu ulishanifundisha kwamba mgeni aliyefurahi hutoa tipu na mgeni aliyeulizwa maswali huangalia saa. Mgeni akafurahi kweli. Naye akaongea maneno marefu, ndani yake nikashika "upinde wenye nguvu" na "usipige kwa pembe". Mengine sikuyashika. Nikamwambia Mzee: anasema hiki ni kikali kuliko vyote, hakihitaji hata sumu.

Hilo la sumu nililitunga mimi. Jioni ile nilipata dola 20.

Sasa ngoja niwaeleze kuhusu sumu, maana watu wa mjini mnadhani mshale ni mshale tu. Mhadzabe ana mishale ya aina kadhaa. Kuna ya mti mtupu uliochongwa, hiyo ya ndege na wanyama wadogo. Kuna yenye ncha pana ya chuma, bapa kama jani, bila sumu. Na kuna ile ya wanyama wakubwa, ncha yake ina meno ya kurudi nyuma na shingo ndefu ya chuma, shingoni pamesokotwa sumu nyeusi. Sumu moja inatoka kwenye kile kichaka kinene chenye maua ya waridi ambacho Dar es Salaam na Arusha mnakipanda kwenye vyungu vya barazani. Wataalamu wanakiita Adenium. Nyingine ni ya mmea wa jamii ya Strophanthus. Zote zinashika moyo. Mwindaji akishapiga hamkimbizi mnyama. Anarudi kambini, anasubiri saa kadhaa, kisha anaita wenzake wafuate nyayo. Nyama ya pale mshale ulipoingia inakatwa na kutupwa, iliyobaki inaliwa.

Kwa hiyo ncha ya Mzee haitegemei tundu kubwa. Inachotakiwa ni kupenya na kukaa ndani, kazi nyingine ni ya sumu. Ncha ya mgeni haina kazi nyingine zaidi ya tundu. Ukiiondolea tundu umebaki na sindano. Hili nalielewa leo, siku ile nilikuwa naelewa dola tu.

Mzee aliziweka zile ncha kwenye mfuko wa ngozi asiziguse tena. Lakini ana kijana wake, rika langu, tunapiga stori sana, naye damu ilikuwa inamchemka. Wiki mbili baadaye nikamkuta amechomoa moja. Akaniuliza, "Mgeni alisema kweli haihitaji sumu?" Nikasema kweli. Nilikuwa nimeshadanganya mara moja, ya pili haikuuma.

Tukaihangaikia mchana kutwa. Ile ncha imetengenezwa kwa skrubu ya kuingia kwenye mshale wa kiwandani, sasa sisi tuna mshale wa mti. Tukatoboa kwa msumari wa moto, tukaikaza, tukaizungushia kano za mnyama zilizolowekwa. Ikakaa. Kwa macho ilikuwa nzuri ajabu, kama pikipiki mpya kati ya punda.

Hapa niseme jambo kabla wakubwa hawajanitafuta. Wahadzabe wameachiwa kuwinda chakula chao katika maeneo yao. Mimi na wewe hatujaachiwa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni, kwa hiyo usichukue upinde ukajifanya mwenyeji wa Eyasi. Mimi nilikwenda nikiwa nimebeba kidumu cha maji, basi.

Alfajiri ya tatu tukamkuta tandala dume. Tandala dume anaweza kufika kilo 250, ana pembe za kujisokota na mabega kama mlango wa godauni. Alikuwa amesimama mshazari, kifua kimetuelekea kidogo. Kwa mshale wa sumu ningeelewa mwenzangu kumpiga, maana popote ncha itakapozama kwenye nyama kazi itaanza. Akavuta. Pinde zao usizidharau, watafiti waliozipima walikuta kuzivuta kunataka nguvu ya kilo 30 hivi, sawa na za kisasa. Tofauti ni kwamba vigurudumu vinausukuma mshale kwa kasi kubwa zaidi. Na ncha ya kufunguka inakula sehemu ya nguvu hiyo kwa kujifungua tu, kabla haijapenya hata inchi.

Nikasikia mlio kama fimbo imepiga debe. Tandala akaruka, akatoweka.

Damu tuliiona, matone matone, kwenye majani ya urefu wa bega. Baada ya kama mita mia tatu tukaukuta mshale umevunjika kwenye miiba. Wembe mmoja ulifunguka ukagonga mfupa ukapinda. Wa pili haukufunguka kabisa. Kimpira kilikuwa bado kimeukumbatia. Mshale ulikuwa umepanda juu ya bega, ukateleza juu ya mbavu, ukachana ngozi. Lile swali la Mzee, jibu lake nilikuwa nimelishika mkononi.

Tulifuata nyayo siku ile nzima na kesho yake hadi mchana. Damu ikakauka, nyayo zikachanganyika na za ng'ombe wa Wadatoga. Usiku tulisikia fisi upande wa mlimani wakicheka na hatukusemezana. Kambini walikuwa wameshaambiwa kuna tandala amepigwa. Akina mama wakatugawia mizizi waliyochimba na ubuyu, hawakuuliza. Watoto ndio waliouliza.

Mzee wa Asali aliipokea ncha, akaigeuza mara moja, akanirudishia. Akaniuliza, "Yule mgeni alijibuje?"

Nikakaa kimya.

"Ulimuuliza?"

"Hapana, baba."

Hakupandisha sauti. Alisema, "Mimi Kiingereza sina. Mdomo wangu ulikuwa wewe." Akaondoka kwenda kunoa kisu ambacho niliona wazi hakikuhitaji kunolewa.

Wasomaji, nilikaa miezi bila kukanyaga kule. Muda huo nikawa nasoma habari za ncha za mishale kama anayesomea mtihani. Kumbe wenyewe Wamarekani wanabishana juu yake kama sisi na Simba na Yanga. Wapo wanaosema ncha ya kufunguka ndiyo maendeleo, na siyo waongo: ukiwa na upinde wa vigurudumu, mnyama wa mbavu nyembamba, amekupa ubavu wote, yuko mita 20, tundu la sentimita 5 linamlaza karibu. Lakini yupo Ed Ashby, naye Mmarekani, ambaye miaka ya 1980 alifanya utafiti wa mishale kwa wanyama wakubwa huko Natal, Afrika Kusini. Yeye akaja na mshale mzito na ncha nyembamba, imara, isiyo na kitu cha kufunguka, kwa sababu ya mifupa. Sikuhitaji kwenda Natal.

Kilichonichekesha zaidi ni habari ya mwaka 1925. Daktari wa San Francisco, Saxton Pope, na mwenzake Art Young, walikuja hapahapa Tanganyika kuwinda simba kwa upinde, mwandishi Stewart Edward White akiwa nao na bunduki yake kwa usalama. Ncha zao zilikuwa za chuma kipana, nzima, hazina mlango. Na Pope alijifunzia wapi upinde? Kwa Ishi, Mhindi Mwekundu aliyejitokeza kutoka porini California mwaka 1911, wa mwisho katika watu wake. Yaani daktari mzima alikaa chini akafundishwa. Alimsikiliza mzee.

Maoni yangu basi, kama kuna mtu anayataka: ncha haichaguliwi kwa ajili ya shabaha nzuri. Mnyama akikupa ubavu safi, ncha yoyote kali itakula. Unaichagua kwa ajili ya ile siku mnyama atakapogeuka nusu hatua wakati mkono umeshaachia. Kwa mnyama mkubwa na upinde wa mti, mimi nasema ncha nzima, na anayebisha aje aone kilichomo kwenye droo yangu.

Mwaka uliofuata nikanunua Karatu kilo mbili za misumari ya inchi sita, nikapanda gari la vitunguu linalorudi tupu. Misumari ndiyo ncha za kesho kule. Wenyewe wanaigonga ikiwa baridi, au wanampelekea mhunzi wa Kidatoga mwenye mivukuto ya ngozi, yule anayeyeyusha makufuli na koki mbovu kuwa bangili za watalii, wanamlipa kwa asali. Mzee aliimwaga misumari chini, akaihesabu yote, akaigawa mafungu mawili. Fungu moja akamsukumia kijana wake. Akaniuliza baba hajambo. Nikasema hajambo. Akauliza mbaazi mwaka huu. Nikasema mvua imezingua.

Wiki ile ile akaja mgeni mwingine, mama wa Kijerumani na kamera kubwa. Mzee akaongea kirefu: kuhusu upepo, kuhusu nyayo, kuhusu wageni wanaopiga picha kabla ya kusalimia. Mwisho akasema mama huyu ananukia sabuni kiasi kwamba leo hata kanga hatutamwona, bora arudi akalale.

Nikatafsiri lote. Hata la sabuni. Tipu sikupata.