Zidaka za Lamu na Karatasi za Watoto Wetu



Nyumba za kale za Lamu hazijifaharishi kwa mpita njia. Kwenye kichochoro huonekana ukuta mrefu wa mawe na chokaa, mlango wa nakshi, na daka lenye vibaraza vya kukalia wageni. Ukishaingia, njia hupinda ili jicho la mtu wa nje lisifike kwa wenye nyumba. Kisha kiwanda kilicho wazi kwa jua, halafu vyumba virefu vyembamba, kwa kuwa upana wake hupimwa kwa urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Baada yake ni ndani, chumba cha mama. Nyumba moja ya namna hii, ya karne ya 18, imehifadhiwa kuwa makumbusho katika Mji wa Kale, mji uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Huko ndani ndiko tunakowapeleka wasomaji wetu wiki hii, mbele ya zidaka: safu juu ya safu za vishubaka vilivyochongwa ukutani kwa chokaa. Humo ziliwekwa bakuli za Kichina zilizovushwa bahari, vyombo vya thamani na vitabu. Tukivitazama tunajifunza jambo moja kuhusu wazee wetu. Walichokienzi hawakukitundika barazani kionekane na kila mtu; walikiweka ndani kabisa, pale ambapo wenye nyumba hukiona asubuhi na jioni.

Leo wengi wetu tunakaa katika nyumba za kupanga Majengo, Kisauni au Likoni, na ukuta hauna kidaka. Lakini mtoto wa miaka minne arudipo chuoni au shuleni na karatasi yake ya rangi, huiinua juu na kungoja. Mara nyingi tunaipiga picha kwa simu, tunaituma kwa shangazi na mama wadogo, kisha karatasi yenyewe hufungiwa maandazi. Sifa zote zimekwenda barazani. Mtoto hazisomi sifa za simuni. Anachokiona ni karatasi yake imejaa mafuta. Akiona hivyo mara kwa mara, huacha kuileta. Na mtoto aliyeacha kutuletea karatasi, hatuna hakika kwamba atatuletea siri yake akiwa na miaka kumi na mitano.

Wako akina mama watakaouliza kuhusu picha za viumbe wenye roho. Swali hilo ni la haki, na wanavyuoni wamelizungumza kwa upana na kutofautiana. Hadithi zimepokewa kuhusu pazia lenye picha lililoondolewa nyumbani kwa Bi Aisha (R.A.), na pia kuhusu wanasesere aliowachezea utotoni bila kukatazwa. Mwenye shaka amuulize shekhe wake. Kwa adabu ya nyumba, upande wa kibla na mahali pa kuswalia pabaki patupu, kisimshughulishe mwenye kuswali. Paka na punda wa mtoto wanaweza kukaa katika jalada lake, wakafunguliwa na kutazamwa pamoja naye. Ukutani pana nafasi kubwa kwa majahazi, minazi, nyota, na herufi ya alifu iliyopinda. Sanaa ya pwani yetu yenyewe, milangoni na katika chokaa, imejaa maua, majani na miraba. Mtoto anaweza kuonyeshwa nakshi hizo na kuambiwa ajaribu.

Mwenye nyumba akikataza misumari, funga uzi kutoka nondo za dirisha hadi kabatini, na ubane karatasi kwa vibanio vya nguo. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu wa bahari, na gundi au selotepu huubandua, uzi hauudhuru. Uwe usawa wa macho ya mtoto, si wa macho ya wageni. Karatasi tatu au nne zatosha. Siku ya kusafisha nyumba kwa ajili ya Ijumaa, mtoto mwenyewe achague ipi ishuke na ipi ipande. Inayoshuka iandikwe nyuma tarehe na maneno aliyoyasema kuihusu, kisha iwekwe katika bahasha yake. Wakiwa ndugu wawili, kila mmoja awe na uzi wake, wala wasilinganishwe.

Bakuli za zidaka zilinunuliwa ng'ambo kwa fedha nyingi. Karatasi hizi zimetengenezwa humu humu nyumbani na mkono tuliopewa amana ya kuulea. Hazistahili kuwekwa chini ya bakuli. Allah atujaalie watoto wetu wawe kiburudisho cha macho yetu. Amin.