Ctrl-C ya saa kumi na mbili asubuhi

Jamani, nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili hivi. Leo nina kisa, na mkosaji ndani yake ni mimi mwenyewe.

Kuna ushirika wa wafugaji niliouandikia programu ya kupokea maziwa. Mama karani anapima, anaingiza namba ya mfugaji na kilo, basi. Programu yenyewe iko kwenye seva, ndani ya kontena la Docker. Kwa wasiojua, kontena ni programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji, ikae kivyake bila kugombana na nyingine.

Asubuhi hiyo karani akanipigia: "Kijana, leo inajikokota." Hata chai sijanywa. Nikafungua tarakilishi, nikaandika docker attach na jina la kontena. Maandishi yakaanza kupita kwenye skrini, nikaona kiini cha tatizo: kila kipimo kilikuwa kikingoja SMS ya mfugaji iende kwanza. Nikaridhika, nikataka kutoka. Vidole vikafanya vilivyozoea: Ctrl na C.

Kimya. Kisha simu. "Kijana, sasa imekufa kabisa."

Ndugu msomaji, docker attach haikupitishi mlango wa nyuma. Inaunganisha kibodi na skrini yako na mchakato mkuu wa kontena, ule wenye namba 1. Ctrl-C yako inaufikia huo huo, na ukifa, kontena linasimama. Njia salama ya kutoka ni Ctrl-P kisha Ctrl-Q, mradi kontena lilianzishwa kwa -it. Ukitaka kutazama tu, docker logs -f yatosha. Ukitaka kuingia ukague, docker exec -it, jina, kisha sh: hiyo inaanzisha mchakato mwingine kando, nawe ukitoka programu inaendelea. Amri hii imekuwepo tangu Docker 1.3 ya mwaka 2014, kwa hiyo sina kisingizio.

Docker start ililiamsha kontena mara moja. Lakini kosa langu la pili lilikuwa la zamani zaidi: programu ilikuwa ikikusanya vipimo kumi kumi kwenye kumbukumbu ndipo ihifadhi. Vipimo saba vikapotea, na maziwa yake yalikuwa yameshamiminwa kwenye tangi pamoja na ya wengine. Utayapimaje tena?

Kilichotuokoa ni daftari. Karani huandika kila kipimo kwa penseli, na mara ngapi nimemcheka kwa hilo! Akanisomea yote saba, nikaingiza moja moja. Nikamwambia ukweli pia: si stima, si mtandao, ni mimi.

"Sawa," akasema. "Lakini usinikataze tena daftari langu."

Siku hizi kila kipimo kinahifadhiwa papo hapo, na SMS zinafuata baadaye. Daftari lingali mezani. Haya, tuonane tena, naenda kunywa chai.