Karai la Burma

Nilianza kazi Soko la Burma, jijini Nairobi, nikigeuza nyama juu ya makaa. Wazee wa Kaloleni walituambia jina hilo lililetwa na askari waliorudi kutoka vita vya Burma; sisi vijana tulilijua soko kwa mbavu za mbuzi na moshi usiotoka nguoni. Kuwasha nilikuwa hodari. Kuzima, sikujua lolote.

Siku moja karai la mafuta ya kukaangia likashika moto. Nikanyakua ndoo.

“Wacha maji, wewe!” mama wa kibanda cha pili akapiga kelele, lakini nilikuwa nimeshamwaga. Moto uliruka hadi kwenye mabati. Yeye akaja na sinia, akalifunika karai polepole kama mtu anayefunika ugali, kisha akayavuta makaa yaliyokuwa chini. Moto ukazimika. Kovu la kiwiko ninalo mpaka leo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa kiwandani Industrial Area, nilipelekwa kozi ya moto. Mwalimu akachora pembetatu: joto, hewa, na kitu kinachowaka. Ondoa kimoja, moto umekwisha. Akaeleza kwamba maji yakigeuka mvuke hupanuka takriban mara 1,700. Yakizama ndani ya mafuta yanayowaka, mvuke huo huyarusha juu. Nikamkumbuka mama wa sinia: alinyima moto hewa, akaondoa joto, na ubao wa kuchorea hajawahi kuuona. Hapo ndipo nilipojua mioto ina madaraja. A ni mbao na nguo, B petroli, C gesi, na F ni yule adui yangu wa karaini. Hata mtungi wa kaboni dayoksaidi haumwezi: hewa ikirudi, mafuta bado yana joto, yanawaka tena.

Sasa nafundisha mimi. Waajiri huzitaja Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za 2007, hununua mitungi, halafu naikuta nyuma ya magunia. Somo gumu kuliko yote ni njia ya kutokea, maana kila futi ya njia ina mtu anayetaka kupanga bidhaa. Soko la Gikomba lilipoungua usiku wa kuamkia Juni 28, 2018, watu 15 walikufa. Moshi hufika kabla ya ndimi za moto, na gizani mtu hutafuta mlango aliouzoea tu.

Ukija Burma kula, kabla hujaagiza kilo, tafuta mlango wa pili.